Taa ya Kijani Kando ya Kamera: Kisa cha Kompyuta za Shule za Lower Merion

Novemba 2009, katika Shule ya Sekondari Harriton iliyo kwenye vitongoji vya magharibi mwa Philadelphia, Marekani, mvulana wa miaka 15 aliitwa na makamu wa mkuu wa shule. Kwa maelezo ambayo familia yake iliyapeleka mahakamani, aliambiwa kuna tabia mbaya anaifanya akiwa nyumbani, na ushahidi upo: picha. Picha hiyo ilipigwa na kamera ya kompyuta mpakato aliyopewa na shule, yeye akiwa chumbani kwake. Alichokishika mkononi kilidhaniwa ni vidonge. Familia ikasema ni Mike and Ike, pipi ndogo ndefundefu zenye umbo kama la kidonge. Makamu huyo alijitokeza baadaye akakana hadharani kwamba amewahi kumchungulia mwanafunzi yeyote nyumbani kwake.

Suala la pipi naliweka pembeni. Pande mbili zilivutana juu yake na kesi ikaisha kwa suluhu bila hakimu kulitolea hukumu. Lipo jambo moja ambalo hakuna aliyelibishia: picha za mtoto akiwa chumbani kwake zilikuwa kwenye seva ya shule, yaani kompyuta kuu ya kuhifadhia kumbukumbu, naye hakujua, wala wazazi wake hawakujua. Hilo ndilo nataka tulichambue. Mimi nafanya kazi hiyohiyo ya kutunza kompyuta za shule, na kila nikirudia kisa hiki naona uamuzi mdogomdogo ambao mtu yeyote wa kazi hii anaweza kuufanya siku akiwa amezidiwa, halafu asirudi tena kuutazama.

Lower Merion ni wilaya ya shule, yaani mamlaka inayoendesha shule za eneo lake, tena yenye uwezo. Ina sekondari kubwa mbili, Harriton na Lower Merion High, hii ya pili ndiyo aliyomaliza Kobe Bryant mwaka 1996 kabla ya kwenda kucheza mpira wa kikapu wa kulipwa. Kuanzia Septemba 2008 pale Harriton, na mwaka uliofuata kwenye shule ya pili, kila mwanafunzi alikabidhiwa MacBook yake, ya kusomea darasani na ya kwenda nayo nyumbani. Jumla zilikuwa kama 2,300. Aliyewahi kutunza hata mashine arobaini za maabara moja ataielewa hesabu hiyo vizuri: kila jioni mashine 2,300 zinatoka getini ndani ya mabegi ya vijana, zinapanda basi, zinasahaulika kwenye vyumba vya kubadilishia nguo, zinamwagikiwa soda, na asubuhi zinatakiwa zirudi zote zikiwa na chaji.

Kwa mzigo huo, kuwa na programu ya usimamizi ni lazima. Wilaya ilitumia LANrev. Kila kompyuta inawekewa programu ndogo inayofanya kazi kimyakimya, inawasiliana na seva na kupokea maagizo: weka programu mpya ya hesabu, sasisha mfumo, zuia hiki, ripoti diski imejaa kiasi gani. Fundi mmoja akiwa mezani kwake anahudumia shule nzima. Hakuna ubaya hapo. Bila chombo cha namna hiyo, mafundi wangekuwa wanapita darasa hadi darasa na flashi mkononi mpaka mwaka wa masomo uishe.

Ndani ya LANrev kulikuwa na kipengele cha kufuatilia mashine iliyoibwa, kiliitwa TheftTrack. Fundi akikiwasha kwa mashine fulani, basi kila mashine hiyo inapokuwa imewaka na ina intaneti, kila baada ya dakika 15 inatuma vitu vitatu: anwani ya IP, yaani namba ya kutambulisha mtandao inaoutumia, picha ya skrini kama ilivyo wakati huo, na picha ya aliyekaa mbele ya kamera. Yote yanatua kwenye seva na kupangwa kwa tarehe na saa.

Hapa pana jambo la kiufundi ambalo naona linarukwa mara nyingi. Katika vitu hivyo vitatu, kinachoipata mashine ni anwani ya IP. Polisi wakiwa na anwani hiyo na saa iliyotumika, wanakwenda kwa kampuni ya intaneti na amri ya kisheria, na kampuni inawaambia mteja ni nani na nyumba ni ipi. Picha ya uso inaweza kusaidia kumtambua mtu, ni kweli, lakini picha hiyohiyo inaonyesha kitanda, nguo zilizoanikwa, mdogo wake anayepita nyuma, na kila kilichofunguliwa kwenye skrini. Shule ilikuwa na uwezo wa kuchukua anwani peke yake. Ilichukua na picha pia.

Kipengele hicho kilipata sifa mapema. Septemba 2008, wiki za mwanzo kabisa za mradi, kompyuta sita ziliibwa kwenye jengo la michezo la Harriton. TheftTrack ikawashwa. Ilikaa imewaka karibu miezi sita, mpaka Machi 2009 polisi walipozipata na kumfungulia mtu mashitaka. Mashine hizo sita peke yake ziliacha kwenye seva takribani picha 38,500. Kwa mafundi wale, nadhani, hapo ndipo imani ilipojengeka. Mtu akishaona chombo kimemrudishia mali iliyopotea, hakioni tena kuwa kitu cha kushika kwa mikono miwili. Kinakuwa swichi kama swichi nyingine.

Na onyo lilikuwa limeshatolewa, tena na mtoto. Kiangazi cha 2008, mwanafunzi aliyekuwa akijifunza kazi kwenye idara ya teknolojia ya wilaya aligundua uwezo wa LANrev, akamwandikia mkuu wa idara barua pepe kueleza wasiwasi wake: wanafunzi na wazazi wanapaswa kuambiwa. Akajibiwa kwamba hakuna namna yoyote watu wa wilaya wangewafuatilia wanafunzi majumbani. Waliojibu yawezekana waliamini hivyo kwa dhati. Lakini kijana hakuuliza kama wao ni watu wema. Alikuwa anauliza ni nini kitakachomzuia mtu kufanya hivyo, na swali hilo halikujibiwa. Ningependa kila mkuu wa shule anayenunua programu ya usimamizi amtafute mwanafunzi mmoja wa aina hiyo, amkalishe chini, amwachie mashine saa nzima, kisha amsikilize.

Sasa turudi kwa yule mvulana. Kompyuta yake haikuibwa. Haikupotea. Iliharibika, na tarehe 20 Oktoba 2009 akapewa nyingine ya akiba aitumie yake ikitengenezwa. Kwa kanuni za wilaya, mwanafunzi ambaye familia yake haijalipa ada ya bima, dola 55, haruhusiwi kutoka na mashine shuleni. Familia hii ilikuwa haijalipa. Kijana akaondoka nayo. Ikahesabiwa kwamba mashine ya akiba ipo nje bila kibali, na mtu fulani akaomba ifuatiliwe. TheftTrack ikawashwa, ikakaa imewaka siku kumi na tano, mpaka tarehe 4 Novemba. Picha za kamera 210, picha za skrini 218. Nyingine zilimkuta amelala.

Deni la dola 55. Hili ni jambo la kumpigia mzazi simu, au la kumwandikia barua apewe mtoto akabidhi nyumbani. Kila mtu alijua mashine ipo kwa nani. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya walioazimwa, na kila asubuhi alikuwa anaingia darasani nayo. Chombo cha kumtafutia mwizi asiyejulikana kikaelekezwa kwa mtoto anayejulikana kwa jina, darasa na namba ya kiti. Sioni kama aliyebonyeza alikusudia ubaya. Ninachokiona ni kwamba kati ya mtu anayetaka mashine ifuatiliwe na fundi anayewasha, hapakuwa na swali hata moja lililolazimika kujibiwa. Hapakuwa na fomu inayosema: je, imeibwa? Polisi wana taarifa? Mzazi amepigiwa? Nani ameidhinisha? Ombi lilikuja kwa maneno au kwa barua pepe ya mstari mmoja, kitufe kikabonyezwa, kazi nyingine ikaendelea.

Kisa cha mwanafunzi wa pili ndicho kinachoniuma zaidi, ingawa magazeti hayakukiandika sana. Huyu alikuwa wa Lower Merion High. Desemba 2009 alisahau kompyuta yake shuleni, mwalimu akaiokota na kuipeleka kunakohusika. Siku chache baadaye kijana akaenda dirishani, akaulizwa jina, akapewa mashine yake, akashukuru, akaondoka. Kila aliyehusika alifanya jambo zuri: mwalimu aliokota, mhudumu alitunza, kijana alifuata utaratibu. Tatizo ni kwamba ilipodhaniwa imepotea, TheftTrack ilikuwa imewashwa. Na aliyekuwa dirishani akimkabidhi mashine hakuwa ndiye mwenye kitufe cha kuzima, wala hapakuwa na mtu wa kupeleka habari kutoka dirishani hadi kwa fundi kwamba mashine ile imeshapatikana, zima. Kijana akaenda nayo nyumbani. Likizo ya Krismasi ikapita, Januari ikapita, Februari ikaingia. Takribani miezi miwili. Picha zaidi ya elfu moja, za uso wake, za chumba chake, na za alichokuwa akikisoma na kukiandika. Kama kesi ya yule wa kwanza isingefunguliwa, sijui nini kingeizima.

Naomba msomaji aliye kwenye kazi hii akae na picha hiyo kidogo: dirisha la kurudishia mashine, na chumba cha mafundi, huenda ni mwendo wa dakika mbili kutoka kimoja hadi kingine. Katika umbali huo ndimo taarifa ilimopotelea. Wilaya ilikuwa na njia ya kuwasha na haikuwa na njia ya kuzima. Baadaye ilipochunguzwa, ikaonekana si mara moja tu kwamba kamera ziliendelea kupiga siku au wiki kadhaa baada ya mashine kurudi kwa mwenyewe, na kwamba kwa matukio kama 15 hivi wachunguzi walishindwa kabisa kusema ufuatiliaji uliwashwa kwa sababu gani. Hapakuwa na kumbukumbu. Hilo la kutokuwa na kumbukumbu mimi nalihesabu kuwa zito kuliko yote, maana kosa lisiloandikwa mahali popote halina wa kulisahihisha.

Wanafunzi waliona dalili. Kando ya kamera ya MacBook pana taa ndogo ya kijani, kama kichwa cha njiti ya kiberiti, inayowaka kamera ikifanya kazi. Wengi waliwahi kuiona inawaka ghafla na kuzima, wakati hawajafungua chochote. Walipouliza waliambiwa ni hitilafu ya mashine. Baadhi walianza kuziba kamera kwa karatasi ya kunata. Huwezi kumlaumu fundi wa ngazi ya chini aliyejibu hivyo iwapo naye hakuambiwa. Ila wanafunzi mia wakikuuliza kuhusu taa ileile, usijibu kwa kukisia. Chukua mashine moja, kaa nayo, utafute chanzo.

Kesi ilifunguliwa Februari 2010 katika mahakama ya shirikisho ya Philadelphia. Katika siku chache mkurugenzi wa shule za wilaya aliandika kwa wazazi kwamba kipengele kimezimwa. Wilaya ikaeleza kuwa mwaka ule wa masomo kilikuwa kimewashwa kwa mashine 42 zilizoripotiwa kupotea au kuibwa, na 18 zilikuwa zimepatikana. Kisha mafundi wa uchunguzi wakafungua seva, na Aprili mawakili wa wilaya wenyewe wakataja idadi ya picha: karibu 56,000 kwa miaka miwili. Mawakili wa familia wakaonyesha mahakamani barua pepe kati ya wafanyakazi wawili wa idara, mmoja akifananisha picha zile na tamthilia ndogo ya Lower Merion, mwenzake akijibu kwamba anaipenda. Watu wa idara walipewa likizo ya lazima. FBI nayo ikaingia. Machi, Seneta Arlen Specter akafanya kikao cha kamati ndogo ya Seneti palepale Philadelphia kuuliza kama sheria za Marekani za kunasa mawasiliano zinagusa picha zisizo na sauti, kwa kuwa ziliandikwa zikifikiria simu.

Hata kampuni ya mawakili iliyoajiriwa na wilaya kufanya uchunguzi, Ballard Spahr, haikuifichia wilaya makosa yake. Ripoti yake ya Mei 2010 ilisema haikukuta ushahidi kwamba watumishi walikusudia kuwapeleleza wanafunzi, lakini ikaeleza kwa urefu uzembe: hakuna sera, hakuna usimamizi, bodi haikuelezwa vya kutosha, wazazi na wanafunzi hawakuambiwa. Agosti, mwendesha mashitaka wa shirikisho akatangaza hatafungua kesi ya jinai kwa kuwa nia ya jinai haikuonekana. Nakubaliana na matokeo hayo yote mawili. Ndiyo maana kisa kinafaa kusomwa. Tungekuwa tumempata mtu mmoja mwovu, tungemfukuza na kulala usingizi.

Mahakama iliizuia wilaya kuwasha kamera za wanafunzi kwa mbali, na ikasimamia utaratibu wa familia kuonyeshwa picha zilizowahusu. Kwa yule kijana wa pili, habari ilimfikia kwa barua: kompyuta yako ilikuwa inakupiga picha. Oktoba 2010 pakawa na suluhu ya dola 610,000. Yule wa kwanza alitengewa 175,000, wa pili 10,000, na 425,000 zikaenda kwa mawakili. Kundi la wazazi wa wilaya lilikuwa limepinga mapema kesi isigeuzwe kuwa ya wanafunzi wote, wakisema fidia yoyote itatoka kwenye kodi zao wenyewe. Ni hoja ya kweli. Wazazi waliokasirika ndio hao hao waliokuwa wanailipia wilaya.

Mei hiyo hiyo ya 2010, watafiti wa usalama waligundua kwamba LANrev yenyewe ilikuwa na udhaifu: ufunguo wa siri wa kuhakiki kama agizo limetoka kwa seva halali ulikuwa ni uleule mmoja, umeandikwa ndani ya programu. Mtu mwenye ujuzi akiwa kwenye mtandao mmoja na mwanafunzi, mathalani wa mgahawani, angeweza kujifanya seva ya shule na kuiamuru mashine. Mlango ambao wilaya iliufungua kwa ajili ya mafundi wake haukuwa na kitasa kinachomtambua fundi. Kampuni iliyokuwa imeinunua LANrev miezi michache kabla ilishaamua kukiondoa kipengele cha picha.

Huku kwetu mambo haya yamekaribia kuliko tunavyodhani. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 Tanzania viligawiwa walimu, shule binafsi zinawaambia wazazi wanunue kompyuta kisha shule inaziwekea programu yake, na programu za kisasa za usimamizi zinamwezesha mwalimu kuona skrini zote za darasa kwa pamoja akiwa mbele. Darasani, mchana, wanafunzi wakijua, mimi naiunga mkono hiyo: mwalimu aliyekuwa akitembea kati ya madawati kutazama madaftari sasa anatazama skrini. Usiku nyumbani ni habari nyingine, na programu nyingi zinakuwezesha kuweka saa na mtandao wa kazi, ili nje ya uzio wa shule uangalizi ukatike wenyewe. Kinachotakiwa ni mtu wa kuingia kwenye mipangilio na kuliweka hilo. Na sheria zipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Baada ya kukisoma kisa hiki nilibadilisha kaunta buku ninalotumia kutolea na kupokelea mashine. Lilikuwa na namba ya mashine, jina la mwanafunzi, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi na sahihi. Nikaongeza safu mbili kwa rula, upande wa kulia. Ya kwanza: ufuatiliaji umewashwa lini, kwa ombi la nani, na namba ya taarifa ya polisi, na kama namba hiyo haipo siwashi. Ya pili: umezimwa lini, na nani. Anayepokea mashine iliyokuwa imepotea haruhusiwi kumkabidhi mtoto mpaka safu hiyo ya pili ijazwe, hata kama mtoto amesimama hapo na kengele ya kipindi imeshalia. Wakati mwingine wananikasirikia. Nawaomba wasubiri dakika mbili, natembea hadi chumba cha seva, nazima mwenyewe, narudi na kalamu.